Kipimo Kimeonyesha Vijidudu vya TB: Je, Niache Kazi?

 

Katika somo la leo tunazungumza juu ya kifua kikuu, yaani TB. Lakini hatuzungumzi juu ya TB ile tunayoijua wote, ya mtu anayekohoa mchana na usiku na kukonda mpaka nguo zinampwaya. Tunazungumza juu ya TB iliyolala. Mtu mwenye TB iliyolala hakohoi. Anakula vizuri, analima vizuri, anabeba gunia lake bila taabu. Siku moja anapimwa, anaambiwa ana vijidudu vya TB mwilini. Hapo ndipo hofu inapoanza. Je, mimi ni mgonjwa? Je, nitawaambukiza wenzangu? Je, nitafukuzwa kazi?

Somo hili linatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu. Wengi wetu tunafanya kazi za kukusanyika. Tunachuma chai Mufindi na Rungwe. Tunapasua mbao Sao Hill. Tunavuna mpunga Mbarali. Tunachimba dhahabu Chunya. Mara nyingi tunalala wengi katika chumba kimoja, na kwa ajili ya baridi tunafunga madirisha yote. Vijidudu vya TB vinapenda sana chumba cha namna hiyo.

MAMA MCHUMA CHAI NA MGANGA

Hebu tusome mfano huu. Mama mmoja anachuma chai na anaishi katika kambi ya wafanyakazi. Mwenzake waliyekuwa wakilala chumba kimoja alikohoa kwa miezi miwili. Alipopelekwa hospitali alikutwa na TB ya mapafu, akaanza dawa. Mganga akawaita wote waliolala naye ili wapimwe. Jumatatu mama alichomwa sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono. Jumatano amerudi.

MGANGA: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Nimerudi kama ulivyosema.

MGANGA: Ahsante sana. Wengine hawarudi, na asiporudi mtu hatupati jibu. Lete mkono nipime huo uvimbe. Sipimi wekundu, napima uvimbe. Una milimita 14.

MAMA: Maana yake nini?

MGANGA: Maana yake vijidudu vya TB vimewahi kuingia mwilini mwako. Tumekupiga picha ya kifua, mapafu yako ni safi. Hukohoi, huna homa, hukukonda. Kwa hiyo una vijidudu, lakini huna ugonjwa wa TB.

MAMA: Mwanangu, usinizungushe. Ninayo TB au sina?

MGANGA: Mama, jana usiku ulipomaliza kupika, moto uliufanyaje?

MAMA: Niliufunika kwa majivu, ili asubuhi nisihangaike na kiberiti.

MGANGA: Je, usiku nyumba ya jirani iliungua?

MAMA: Aa, ingeunguaje? Kaa liko chini ya majivu.

MGANGA: Moshi ulimwingia mtu machoni?

MAMA: Hapana.

MGANGA: Lakini moto ulikuwapo?

MAMA: Ulikuwapo.

MGANGA: Basi ndiyo hali yako. Kaa lipo, lakini liko chini ya majivu. Halikuunguzi wewe, wala halimuunguzi jirani. Tunataka tulimwagie maji kabla upepo haujalifukua.

MAMA: Nimeelewa. Sasa kesho niende shambani au nisiende? Nina watoto wawili shuleni, na mimi nalipwa kwa kilo. Siku nisiyochuma sipati kitu.

MGANGA: Nenda mama. Chuma chai yako.

Tuyachukue majibu ya mganga moja moja, tuyaangalie vizuri.

KULALA NA KUAMKA

TB husababishwa na kijidudu kidogo sana ambacho macho hayawezi kukiona. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekigundua tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana kila mwaka tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kijidudu hiki husafiri hewani. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya au akiimba, vijidudu hutoka na kuelea hewani, na mwenzake huvivuta. TB haiambukizwi kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono. Hailetwi na uchawi.

Vijidudu vikiingia mwilini, askari wa mwili huvizunguka na kuvifungia. Vijidudu havifi vyote, ila vinalala. Hiyo ndiyo TB iliyolala. Wataalamu wa afya wanakadiria kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu wanne duniani amewahi kuingiwa na vijidudu hivi. Kwa hiyo aliyeambiwa ana TB iliyolala si mtu wa ajabu. Ana wenzake wengi sana, ila wengi wao hawajapimwa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua watu 100 wenye TB iliyolala, wasiomeza dawa yoyote. Katika maisha yao yote, watu 5 mpaka 10 hivi wataugua. Watu 90 mpaka 95 hawataugua kamwe. Lakini wale watakaougua, karibu nusu yao huugua katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuambukizwa. Ndiyo maana mganga hakungoja. Aliwaita mara moja waliolala na mgonjwa.

UPEPO UNAOFUKUA KAA

Askari wa mwili wakichoka, vijidudu huamka. Ni mambo gani yanayowachosha? Tutataja makubwa.

Kwanza ni VVU. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, akiwa na TB iliyolala, hatari ya kuugua inaweza kufikia watu 10 katika kila 100 kwa mwaka mmoja tu, wala si kwa maisha yote. Na sisi huku tusifumbe macho. Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Tanzania nzima asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wana VVU. Njombe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, ilikuwa na asilimia 12.7. Iringa ilikuwa na asilimia 11.1. Mbeya ilikuwa na asilimia 9.6. Ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza. Kwa hiyo ukiambiwa una TB iliyolala, pima na VVU. Ukikutwa navyo, anza dawa za kufubaza virusi mara moja.

Pili ni vumbi la mawe. Mchimbaji anayepasua na kusaga mawe ya dhahabu huvuta vumbi kali linalokwaruza mapafu. Mapafu yaliyojaa vumbi hilo hushindwa kupigana na TB. Wazee wa Rungwe wanaikumbuka Wenela, shirika lililowaandikisha vijana kwenda migodi ya Afrika Kusini kabla ya uhuru. Katika migodi ile vumbi na TB vilikwenda pamoja, vikaharibu vifua vya wachimbaji wengi. Leo mchimbaji wa Chunya asidhani vumbi la kwake ni tofauti. Amwagie mawe maji anapoyapasua, na avae kifaa cha kuzuia vumbi.

Mengine ni ugonjwa wa kisukari, chakula duni, tumbaku na pombe nyingi. Watoto chini ya miaka 5 nao wako katika hatari kubwa wakiishi nyumba moja na mgonjwa. Wapelekwe zahanati hata kama wanaonekana wazima.

KIPIMO HAKISEMI YOTE

Kipimo cha ngozi alichopimwa mama yule kinaitwa Mantoux. Husomwa baada ya siku mbili au tatu. Ukichomwa Jumatatu, rudi Jumatano au Alhamisi. Kipo pia kipimo cha damu. Vipimo hivi havipatikani katika kila zahanati, na si lazima kila mtu apimwe hivyo kwanza ndipo apewe dawa. Mtu mwenye VVU, au mtoto mdogo anayeishi na mgonjwa, anaweza kupewa dawa ya kinga bila kipimo hicho, mradi mganga amehakikisha hana TB iliyoamka.

Vipimo hivi viwili vina mipaka. Husema kwamba vijidudu viliwahi kuingia. Havisemi viliingia lini, wala kama vimelala au vimeamka. Kujua kama vimeamka, mganga huuliza maswali manne: Je, unakohoa? Je, una homa? Je, unatokwa na jasho jingi usiku? Je, unakonda? Hutumia pia picha ya kifua, na hupima makohozi.

Usione mganga anakusumbua kwa maswali. Dawa ya TB iliyolala ni nyepesi. Akipewa mtu mwenye TB iliyoamka haitamponya. Itawafundisha vijidudu kuizoea, na baadaye TB hiyo itakuwa sugu. Basi jibu maswali kwa ukweli.

DAWA YA KUZIMA KAA

Dawa ya kinga ziko za namna zaidi ya moja. Moja ni vidonge vya aisonayazidi, humezwa kila siku kwa miezi 6. Nyingine ni aisonayazidi pamoja na rifapentini, humezwa mara moja tu kwa juma, mara 12. Mganga ndiye atakayechagua. Aliyeanza amalize. Kuacha katikati ni kumwaga maji nusu kibuyu juu ya kaa na kwenda zako.

Zingatia mambo haya:

1. Aisonayazidi inaweza kuleta ganzi ya mikono na miguu. Vitamini B6 huzuia jambo hilo.

2. Rifapentini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya machungwa. Usiogope, si damu. Lakini inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mama anayevitumia amwambie mganga. Mjamzito naye aseme mapema.

3. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ukitapika au tumbo likikuuma upande wa kulia, acha dawa na uende zahanati siku hiyo hiyo. Ini linalalamika.

4. Ulanzi, komoni na pombe nyingine ziweke kando mpaka umalize dozi. Pombe na dawa hizi vyote hulichosha ini. Tunajua msimu wa ulanzi una vishawishi vyake, lakini utapita, na mwingine utakuja.

SASA KAZI

Turudi kambini. Habari za mama zilienea kabla hajafika. Mnyapara akamwita.

MNYAPARA: Mama, nasikia umekutwa na TB. Funga vitu vyako urudi kwenu upumzike. Ukipona utarudi.

MAMA: Mzee, mimi si mgonjwa. Vijidudu vimelala, haviambukizi mtu. Mganga amesema nifanye kazi.

MNYAPARA: Na wenzako wakiambukizwa, nani atajibu?

Mnyapara huyu si mtu mbaya. Anawaogopea watu wake. Lakini hofu yake imekosea njia. Tuone kwa nini.

Mwenye TB iliyolala haambukizi. Hata akikaa miaka ofisini, shambani, jikoni au darasani, hamwambukizi mtu. Hahitaji kutengwa. Hahitaji sahani yake peke yake. Hahitaji likizo ya ugonjwa. Anaweza kuchuma chai, kupasua mbao, kufundisha, kuendesha gari, kupika na kulea watoto. Anachohitaji ni nafasi ya kwenda zahanati siku zake, na kumeza dawa kwa amani. Habari za kipimo chake ni zake yeye na mganga wake. Hazipaswi kutangazwa kambini.

Tena, tufikiri mbele kidogo. Mama akifukuzwa leo, wenzake kumi waliolala chumba kile watajifunza nini? Watajifunza kwamba anayepimwa anapoteza mkate wake. Hakuna hata mmoja atakayekwenda kupimwa. Mmoja wao akianza kukohoa ataficha. Atanunua vidonge dukani, atasema ni baridi ya Mufindi. Atalala katikati ya wenzake akikohoa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo mnyapara atakuwa amewafukuza wasioambukiza na kumficha anayeambukiza. Kambi nzima itaungua.

Mnyapara mwenye busara hufanya kinyume. Huwahimiza wote wapimwe. Huwaahidi kwamba aliyepimwa hapotezi kazi. Huhakikisha madirisha yanafunguka na vyumba havijai kupita kiasi. Hivyo ndivyo kambi inavyokingwa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kazini, na imetaja waziwazi kwamba mtu asibaguliwe kwa ajili ya VVU wala ulemavu. Kusema tu “nimesikia ana TB” si utaratibu.

Je, ikiwa TB imeamka kweli? Hapo mtu ni mgonjwa, na lazima apumzike mwanzoni. Sheria hiyo inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Lazima ampe mwajiri cheti cha daktari. Mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kazini kwa kawaida hana likizo hii yenye malipo. Kwa hiyo vibarua na watu wa msimu waulize mapema haki zao kwa chama cha wafanyakazi, kama vile TPAWU kwa watu wa mashambani.

Mgonjwa hahitaji kukaa nyumbani miezi yote 6 ya matibabu. Akimeza dawa sawasawa, kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi haambukizi tena. Mganga akithibitisha, na nguvu zikirudi, anarudi kazini huku anaendelea na dawa. Dawa za TB hutolewa bure.

Ukiachishwa kazi isivyo haki, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Usikae nyumbani ukilalamika mpaka siku ziishe.

KALAMU YAKO NI KINGA

Hapa, ndugu mwanakisomo, ndipo kujua kusoma na kuandika kunapolipa. Baada ya kumaliza dawa, kipimo cha ngozi au cha damu mara nyingi huendelea kuonyesha vijidudu, pengine maisha yote. Si kwamba dawa imeshindwa. Mwili unakumbuka tu. Sasa fikiri, mwaka kesho unaomba kazi nyingine, unapimwa tena, na jibu linatoka lile lile. Utasema nini?

Utatoa karatasi yako. Kwa hiyo andika na uhifadhi pamoja na kadi ya kliniki: tarehe ya kipimo na jibu lake, tarehe ya picha ya kifua na jibu lake, jina la dawa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la kituo cha afya. Mwombe mganga agonge muhuri. Karatasi hiyo weka mahali pasipofika mvua wala panya.

Na usisahau kwamba nchi yetu ina sifa katika jambo hili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Daktari Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua TB akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita, alifanya kazi pamoja na waganga wetu wa wilayani. Walionyesha kwamba hata nchi yenye fedha kidogo inaweza kuponya TB, ikiwa kila mgonjwa anaandikwa katika daftari, anafuatiliwa, na anamaliza dawa. Utaratibu huo baadaye ulienezwa duniani. Daftari na kalamu vilikuwa sehemu ya dawa.

Mama yetu alirudi kwa mganga, akapewa barua yenye maneno machache: anafaa kufanya kazi, haambukizi. Mnyapara aliisoma mara mbili, akainyamazia kidogo. Kisha akauliza, “Na mimi nakohoa siku nyingi. Huyo mganga anapima siku gani?”

TUKUMBUKE

1. TB iliyolala si ugonjwa, wala haiambukizi. Fanya kazi yako.
2. Inaweza kuamka. Meza dawa ya kinga mpaka umalize.
3. Ukikohoa majuma mawili au zaidi, nenda kapime makohozi.
4. Anayemfukuza aliyepimwa anawafundisha wengine kujificha.
5. Hifadhi karatasi zako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mganga alimwambia mama aende shambani?
2. Katika kijiji au kambi yenu, watu wanaficha kukohoa? Wanaogopa nini?
3. Mtu anameza dawa mara moja kwa juma, mara 12. Akianza Jumatatu tarehe 6, atameza tena tarehe ngapi mwezi huo?
4. Mfanyakazi amekuwa na likizo ya ugonjwa ya siku 80. Siku ngapi zilikuwa za mshahara kamili, na ngapi za nusu?
5. Andikeni barua fupi kwa msimamizi wa kazi, mkiomba vyumba vya kulala viwe na madirisha yanayofunguka.